Kipa Aliyetaka Kugombezwa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anaishi kwa kudaka vitu. Tunafanya kazi pamoja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa, ambako mabomba yanapita juu ya vichwa na dirisha hakuna. Shuka chafu hushuka kutoka wodini zikiwa zimefungwa mafurushi, na mtu wa toroli huyarusha bila hata kuangalia anarusha wapi. Shemeji anayadaka kabla hayajagusa sakafu. Hili la watoto, huku. Hili la upasuaji, kule. Hili linanuka, liende peke yake. Sijawahi kumwona amekosa furushi.

Siku moja kaka yangu mkubwa alikuja kunichukua kazini. Yeye ni fundi breki kwenye gereji ya mabasi na ndiye nahodha wa timu yetu. Akasimama mlangoni, akamtazama Shemeji akidaka, akasahau hata kunisalimia. Wiki hiyohiyo Shemeji akawa kipa. Kabla ya hapo walikuwa wanamwalika mazoezini kwa heshima tu, wanampa chupa za maji azishike.

Niwaeleze hiyo timu. Kila mwaka jiji letu lina mashindano ya mpira ya watu waliotoka mbali, na kila jamii ina timu yake. Wapo wa visiwani, wapo wa milimani, wapo wanaozungumza kana kwamba wanaimba. Halafu tupo sisi, ambao majirani wanasema tunazungumza kana kwamba tunagombana. Hawajakosea. Sheria ya usajili ni moja tu: mchezaji awe wa jamii hiyo kwa kuzaliwa au kwa ndoa. Hilo neno la ndoa naamini liliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuwa na wakwe.

Mlezi wa timu yetu ni Mama. Alisafisha madarasa ya shule mpaka magoti yakagoma, na sasa nguvu zote zilizobaki zimehamia kwenye ulimi. Kaka yangu wa pili akiangusha kijiko, atasimuliwa uchungu wa kumzaa tangu mwanzo mpaka mkunga alipofika. Mimi nikichelewa kurudi, naambiwa nimerithi miguu ya shangazi zangu, na shangazi zangu nao wanapewa vidonge vyao huko waliko. Hatukasiriki. Ndivyo Mama anavyotuhesabu kila jioni kuona kama tumetimia.

Ila Shemeji. Kwa miaka tisa ya ndoa, na wote tukiishi nyumba moja, Mama hajawahi kumpandishia sauti. Anamwita "baba". Anampa kiti kizuri, anamwongezea chai kabla hajaomba, anamuuliza kama usingizi ulikuwa mzuri. Mtu mwingine angekaa akanenepa. Shemeji alikuwa anakonda.

"Mama yenu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," aliniambia siku moja.

Tulikuwa kwenye mashine ya pasi, ile rola ndefu ambayo lazima muwe wawili: huyu anashika pembe hizi za shuka mbichi, yule zile, mnavuta, mnaiingiza. Mambo yote ya familia yetu mimi na Shemeji tumeyazungumza shuka ikiwa katikati.

"Wenzio tunaombea siku moja tu ya kupakwa hayo mafuta," nikamjibu.

"Wewe ni wa pale. Mimi ni mgeni. Mgeni ndiye anayeambiwa hakuna neno, hakuna neno."

"Basi fanya kosa."

Alikuwa ameshafanya, tena kwa makusudi. Aliwahi kuacha viatu vyenye tope katikati ya korido. Mama aliviruka na magoti yake mabovu, akasema mvua za mwaka huu zimezidi. Aliwahi kufua shuka nyeupe za Mama pamoja na taulo jekundu, mtu ambaye anafua shuka za hospitali nzima. Zilipotoka, Mama alizitazama kwa muda mrefu, nikaona taya zinacheza. Halafu akasema, "Pinki nayo ni rangi nzuri, baba." Dada yangu alilazimika kwenda chooni kucheka.

Mwaka huu mambo yakapata moto. Jamii ya kina Shemeji, ambao miaka yote walikuwa wachache mno, wamefikisha watu wa kutosha na wameunda timu kwa mara ya kwanza. Nahodha na mfungaji wao ni kaka yake mkubwa wa tumbo moja, mpaka rangi wa majumba, jitu refu lenye madoa ya rangi mpaka kwenye nyusi. Wakashinda huku, wakashinda kule, na kwenye nusu fainali wakatuangukia sisi.

Usiku haukupita kaka zangu hawajajifungia jikoni. Wako watatu: fundi breki, yule wa vijiko, na mdogo wao anayeuza simu. Walinong'ona, lakini kunong'ona kwetu husikika ghorofa ya chini. Kwamba damu ni damu. Kwamba Shemeji atauza mechi. Kwamba langoni akae muuza simu, ambaye hajawahi kudaka hata funguo akirushiwa.

Mama akafungua mlango. "Atacheza mkwe wangu," akasema, kisha akamgeukia Shemeji aliyekuwa sebuleni akijifanya anasoma. "Ukijisikia lakini, baba. Usijilazimishe."

Uso wa Shemeji ulishuka. Kesho yake, shuka ikiwa katikati, akaniambia amekata shauri. "Nitawazuia ndugu zangu mwenyewe, mbele ya watu wote. Nikishafanya hivyo, Mama yenu atakuwa na sababu gani tena ya kuniita mgeni?"

"Na kaka yako?"

"Kaka nimemkwepa wiki nzima. Hata simu yake sipokei, watu wasije wakasema tunapanga." Hapo sauti ikapungua kidogo. Nilijua kwa nini. Baba yao aliwalea vibaya, yaani kwa adabu: mdogo hampiti mkubwa bila kumwinamia na kumpa mikono miwili. Kumkwepa kaka yake wiki nzima kulikuwa kunamwasha mwili mzima.

Uwanja uko nyuma ya gereji ya mabasi, una nyasi za plastiki. Mimi nilikaa nyuma ya lango letu na mkoba wa bandeji, maana kukaa hospitalini, hata chumba cha kufulia, kumenifanya kuwa daktari wa timu. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, pembeni. Dada yangu alikaa kwenye mstari wa kati kabisa akila karanga. Mtu alipomuuliza yuko upande gani, alisema yuko upande wa refa.

Sasa, kuna kitu kimoja cha mashindano haya. Kila timu hupiga kelele kwa lugha yake, na wapinzani hawaelewi kitu. Unapanga mipango yako kwa sauti ya juu kabisa na bado inabaki siri. Lakini siku hiyo kulikuwa na mtu mmoja uwanjani mwenye masikio ya pande zote mbili. Kina Mpaka Rangi wakiitana kwa lugha yao, Shemeji anasikia, na kabla mpira haujafika anawaambia mabeki wetu kwa lugha yetu. Na lugha yetu amejifunza wapi? Kwa kumsikiliza Mama akigombeza wengine. Maneno mengine hana.

"Kichwa maji wewe, kulia kwako," anamwambia fundi breki. "Na wewe zezeta, usilale, anapita nyuma."

Kaka zangu wakawa wanapokea matusi na kufika kwenye mpira kabla ya wenyewe. Kina Mpaka Rangi wakapigwa na butwaa. Kila wakipanga, mtu yupo. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao, na muuza simu, aliyekuwa wa kwanza kusema damu ni damu, alimpiga Shemeji bega na kumwambia ni mwanaume. Shemeji akatazama pembeni, kwenye kiti cha kukunja. Mama akamwinamishia kichwa kwa adabu, kama anavyowafanyia watu wa benki.

Kipindi cha pili walicheza kimya. Mpaka Rangi alikuwa ameshatambua siri inavujia wapi, akawafunga wenzake midomo. Kimya kikawaponza, kila mtu akakimbia kwake, na mashuti mawili matatu yaliyofika langoni Shemeji aliyadaka kama furushi la wodi ya watoto. Zilibaki dakika chache tuingie kwenye penalti, na kwenye penalti hakuna aliyekuwa na wasiwasi tena. Hapo wakapata kona.

Mpaka Rangi akaja taratibu mpaka mbele ya lango, akasimama karibu na mdogo wake kuliko inavyopendeza. Hakumsukuma. Hakumkanyaga. Alimtazama kwa huzuni, akamwambia maneno machache kwa lugha yao. Sikuyaelewa, lakini nilimwona Shemeji anabadilika rangi. Baadaye alinitafsiria.

"Wiki nzima hujanisalimia," ndivyo kaka yake alivyosema. "Baba angekuwepo angejisikiaje?"

Mpigaji akarudi nyuma hatua kadhaa. Shemeji akatazama mpira, akatazama kaka. Mpira, kaka. Nilitaka kumrushia mkoba wa bandeji. Kisha, mbele ya jamii zote za jiji hili, kipa wetu akainamisha kichwa, akanyoosha mikono yote miwili, akasema, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akajibu Mpaka Rangi, akaruka juu ya kichwa kilichoinama, akaupiga mpira wavuni.

Filimbi ya mwisho ililia wachezaji wetu hawajamaliza kushika viuno. Kina Mpaka Rangi walimbeba nahodha wao, na yeye, huko juu alikobebwa, alikuwa anampungia mdogo wake mkono kwa upendo mkubwa, jambo ambalo halikusaidia. Kaka zangu wakamzunguka Shemeji.

"Umeiuza," akasema fundi breki.

"Sijauza. Aliniambia sijamsalimia."

"Mpira unakuja, wewe unasalimia?"

"Ni mkubwa wangu," akasema Shemeji, kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe haikumridhisha.

Wakanyamaza wote, na kimya cha familia yetu ni kitu cha kutisha kwa sababu hatuna mazoea nacho. Niliona Mama anakuja. Alivuka uwanja pole pole na kiti chake amekikunja chini ya kwapa, akafika, akasimama mbele ya mkwe wake.

"Baba," akaanza.

Nilimwona Shemeji anafumba macho. Alikuwa anasubiri "hakuna neno". Namjua, na siku ile nilimhurumia kwelikweli. Mtu amewazuia ndugu zake mechi nzima, amepoteza yote kwa salamu moja, na sasa anaambiwa hakuna neno, aende zake salama na ugeni wake. Mama alimtazama. Miaka tisa ilikuwa imefika kooni.

"Hivi wewe," akasema Mama, "kichwani mna nini?"

Shemeji akafumbua macho.

"Kona inapigwa, wewe unatoa shikamoo. Ungemwandalia na chai kabisa. Ungemwekea mto."

"Mama, huyu ameuza mechi," fundi breki akaingilia.

"Nyamaza wewe. Kuuza kunataka akili. Huyu akiuza mechi atasahau kumwambia mnunuzi." Akamgeukia tena Shemeji, na sasa breki zilikuwa zimekatika, hata fundi wake asingeweza kitu. Akamwambia anabamiza mlango wa bafuni kama askari wa doria. Akamwambia anakoroma kwenye kochi mpaka majirani wanadhani tumenunua mashine. Akamwambia siku ya harusi alivaa soksi za rangi mbili tofauti na yeye Mama alinyamaza, akanyamaza, akanyamaza, kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo imempa shinikizo la damu.

Timu ya visiwani, waliokuwa wanasubiri kuingia uwanjani, walisimama kusikiliza. Hawakuelewa hata neno moja, lakini walionekana kuridhika.

"Nilikuwa na wajinga watatu," Mama akamalizia, akiwaonyesha kaka zangu kwa kidole, mmoja mmoja. "Nikasema Mungu wangu, yatosha. Kumbe nina wanne."

Fundi breki alitazama chini. Nadhani naye alielewa, kwa sababu hasira ilimtoka, akamwokotea Shemeji glovu zake. Shemeji hakuzipokea mara moja. Alikuwa amesimama wima, machozi yanamtoka waziwazi, na uso wake wote ulikuwa unajikaza kisabuni usicheke. Dada yangu aliacha karanga, akaja, akamshika mkono bila kusema kitu.

"Usinililie hapa," Mama akasema. "Shika hiki kiti, twende nyumbani. Nimechoka kukibeba na ninyi mpo."

Mama alikuwa hajawahi kumtuma Shemeji hata kijiko. Alikipokea kwa mikono miwili. Tukatoka uwanjani tumefungwa, tumetolewa mashindanoni, na nyuma yetu kina Mpaka Rangi wanaimba. Shemeji alitembea nyuma ya kaka zangu, kiti kinakwaruza lami hatua kwa hatua, sauti ya kuumiza meno.

Mama aligeuka. "Kinyanyue hicho kiti, unakimaliza miguu. Huna mikono?"

"Ndiyo, Mama," akasema Shemeji, na akaendelea kukiburuza.