Chokaa ya Siku ya Ukaguzi

Jiko la mama yangu lilikuwa jeusi kwa miaka thelathini, na mimi ndiye niliyelifanya jeupe kwa asubuhi moja. Watu wa mtaani bado wanasema tulinyimwa. Hatukunyimwa. Tulijinyima wenyewe, kwa adabu zetu.

Tulikaa kwenye kota za umma hapa Tabora, nyumba za zamani za matofali ambazo kodi yake ni ndogo na hakuna anayezikarabati. Baba aliipata yetu kwa kazi, akafariki, mama akabaki nayo. Jiko lilikuwa chumba cha ndani chenye kidirisha kimoja, na mama alipikia mkaa uliokuja kwa baiskeli kutoka upande wa Ntalikwa. Wakati wa mvua alikifunga kidirisha maji yasiingie, akabaki na moshi wake. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kifua cha mama hakitavumilia moshi kwa misimu mingi tena. Mtungi wa gesi ningeweza kuununua kwa mshahara wangu wa ualimu. Kuujaza kila mwezi, pamoja na dawa, ndiko kulikonishinda.

Kisha ikaja sera. Tuliitwa ofisi ya kata, na afisa mmoja akazungumza kwa saa mbili juu ya hewa ya ukaa, makazi ya umma na ruzuku, huku nusu ya kina mama wakisinzia. Mimi nilishika moja tu: fedha za wafadhili hazitoshi nyumba zote, kwa hiyo wataanza na zile zinazopikia mkaa ndani. Watatoa jiko la umeme, watafunga sola kwenye paa, watavunja ukuta waweke dirisha la maana. Mkaguzi atapita Alhamisi. Nilirudi nyumbani na furaha ya kijinga. Masizi ya mama yangu yalitosha kuupatia ruzuku mtaa mzima.

"Mgeni wa serikali aje akute masizi yale?" mama aliniuliza. "Uso wangu nitauficha wapi?"

Nikamweleza kwamba masizi ndiyo wanayoyatafuta. Akanitazama kana kwamba nimemwambia ampokee mgeni bila nguo. Alizaliwa na kukulia mjini hapa, katika watu ambao mgeni akibisha hodi hukuta mkeka umekung'utwa na udi umeshafukizwa, hata kama watoto wamelala na njaa. Sikubishana naye sana. Najua sana namna ya kumfokea mwanafunzi, lakini mama yangu hapana.

Alhamisi alfajiri nikapaka chokaa, tabaka tatu, mpaka vidole vikaniwasha. Mama akaazima jiko la gesi kwa jirani wa mlango wa pili, mjane mwenzake ambaye mwanawe humtumia fedha kutoka Dar, ili chai ya mgeni isinuke moshi. Majiko yetu mawili ya mkaa na gunia letu tukavihifadhi jikoni kwake. Nilijiambia kwamba mkaguzi akifika nitamweleza ukweli kwa mdomo.

Alikuja binti mmoja mwenye kishikwambi, vumbi limemjaa miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita ndani, pumzika kwanza."

Akaandaliwa chai ya tangawizi, vitumbua, na asali kwenye kisahani. Alikula vizuri, akasifu. Akaingia jikoni, akapiga picha, akauliza mama anapikia nini.

"Si kama unavyoona, mwanangu," mama akasema, mkono ukielekea kwenye mtungi wa gesi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Sentensi moja ingetosha: tunapikia mkaa, hiyo gesi ni ya kuazima. Lakini kumkosoa mama mbele ya mgeni, ndani ya nyumba yake! Sikuwahi kumwona mtoto wa mtaa ule akifanya hivyo, na sikutaka kuwa wa kwanza. Nikammiminia mgeni kikombe cha pili.

Kutoka kwetu akaenda kwa jirani, akakuta majiko mawili ya mkaa na gunia. Jirani akajitetea kwamba ni vya watu. Binti akacheka, akapiga picha.

Orodha ilipobandikwa, nyumba ya jirani ilikuwamo. Yetu iliandikwa kuwa tayari inatumia nishati safi. Nilikwenda ofisini nikiwa nimewaka, na afisa akanigeuzia kioo cha kompyuta. Ukuta wangu ulikuwa pale, mweupe pe.

"Hili si jiko lenu, mwalimu?"

"Ni letu."

"Ushahidi umeshakwenda kwa wafadhili. Subirini awamu ya pili."

Nilitamani awe mwizi, angalau nipate wa kumtukana.

Jirani alikuja akilia, akamwomba mama awe anapikia kwake. Mama akamshukuru, akampelekea vitumbua vya kumpongeza, na hakukanyaga jiko lile hata siku moja. Mafundi walipobomoa ukuta wa jirani tulisikia nyundo kutwa nzima. Mama aliendelea kuchochea mkaa wake, na chokaa yangu ikaanza kuwa kahawia.

Mvua zilipoanza alilazwa, akarudi, akalazwa tena. Mara hii ya pili nilikaa pembeni ya kitanda chake, nikashindwa kuendelea kunyamaza.

"Mama, nisamehe. Siku ile ningesema."

Alivuta pumzi kwanza. Maneno yalikuwa yakimjia moja moja.

"Useme nini? Ulinisitiri mbele ya mgeni. Mungu akulipe."

Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, na lawama ningeibeba. Yeye alinishukuru. Siku ya tatu akafariki, na shukrani ile sijui niipeleke wapi.