Nyungo za Andongwisye

Andongwisye wa Isongole alisuka nyungo za mianzi tangu yu msichana, na ungo uliopinda hakuuza. Aliutia moto mchana kweupe, majirani wakiona. Ndivyo jina lake lilivyotoka, mpaka watu wa Kawetele walimfuata kwa miguu.

Zikaja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka ya Tukuyu yakajaa nyungo za plastiki. Siku moja akaweka wake juu ya ungo wa dukani, akauona wake umetokeza upande mmoja. Tangu hapo kila alichosuka kiliishia mafigani. Msimu mzima hakuuza hata mmoja.

"Mama, sasa tunapikia nyungo kuliko kuni," alisema Hellen, mkwewe. "Yamechoka macho, au mikono?"

"Mdomo wako ndio hauchoki!"

Lakini swali lile lilimkaa. Kama mikono imekwisha, yeye atabaki nani? Akachukua uzi, akashuka Tukuyu mpaka dukani kwa Shamsia. Akatwaa ungo wa plastiki, akaupima kwa uzi ukingo hadi ukingo. Akaugeuza, akapima tena. Uzi ukazidi. Akatwaa wa pili, wa tatu, ni yale yale.

"Bibi, unanunua au unanikagua?" Shamsia akauliza.

"Nakukagua. Zimepinda zote."

"Zimepinda? Hizo zimetoka kiwandani!"

"Basi kiwanda nacho kina mikono kama yangu."

Jairo, mwalimu wa hesabu aliyekuja kununua sabuni, akacheka. "Mama, duara lililotimia hulipati popote duniani. Hata nikichora kwa bikari, ukisogeza jicho utaona mstari una unene, tena unayumba. Duara lenyewe liko kichwani tu."

"Nawe ulikuwa wapi miaka yote hii nachoma nyungo?"

"Nyingine ulizichoma sijazaliwa, mama."

Andongwisye akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la chumvi, mabega yamemshuka kama aliyetuliwa mkungu wa ndizi. Kumbe mikono yake haina kosa!

Alipofika nyumbani alimkuta Hellen ameshika ungo, anataka kuuvunja auchochee.

"Weka chini!"

"Si umepinda, mama?"

"Umepinda kama wenzake wa Tukuyu. Nenda katafute kuni, mvivu we!"

Andongwisye akazikusanya nyungo zilizosalia, zilikuwa sita, akazifunga kamba ziende sokoni kesho.