Maher, Nyumba ya Mama

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata ya harusi yangu. Nilikuwa na mimba ya kwanza, miezi minane, nakaa ghorofa ya tatu mtaa wa Malaz, Riyadh, na mume wangu dereva. Mama yupo Jeddah, Al-Baghdadiyah. Hakumtaka yule mwanamume, nami nilipotoka kwa mama nilimwambia sirudi. Darasa la tatu nililoishia halikunifunza kumeza maneno.

Jirani yangu Bi Sunanda, Mmarathi wa India, mshona nguo, akanikuta kwenye ngazi nahema na galoni la maji. Akaniuliza kwa Kiarabu chake cha sokoni, "Wewe mafi mama? Huna?"

"Ninaye. Yupo Jeddah."

"Na tumbo hilo linafanya nini hapa? Nenda maher."

Maher ndiyo nini? Akaketi pale pale akanieleza. Zamani yalikuwa maneno mawili ya lugha yao kongwe, mama na nyumba. Vinywa vya wanawake vikayasaga hadi yakawa moja. Kwa wakwe kuna jina lake, sasar, na huko mke huamka wa kwanza. Akiwa maher huamka akitaka, hutiwa mafuta kichwani, na mtoto wa kwanza huzaliwa huko. Kama sisi watu wa Unguja tu, mwana wa kwanza kwao mama.

"Akinifukuza? Tuligombana."

"Nani hajagombana na mamake? Kwenda maher si kushindwa. Mtu anakwenda kwake. Yalla, kafungashe."

Tukapanda basi kituo cha Batha, mimi na mume wangu. Njia nzima napanga maneno ya kuomba radhi. Mama akafungua, akanitazama miguu.

"Viatu hivyo vinakubana. Vua, ingia." Kisha akamgeukia mume wangu. "Na wewe dereva, umekula?"

Halas, ugomvi ukaishia hapo. Pumzi niliyoishusha pale sijapata kushusha nyingine kama hiyo. Nililala mpaka alasiri, hakuna aliyeniamsha.

Leo nina jiko langu la kupikia karamu za harusi, nimelijenga kwa mikono hii, wala sijifichi kujisifu. Lakini nakwambia wazi: mkataa kwao mtumwa. Kujitegemea si kujikatia kamba. Ukizidiwa, nenda kwenu, hata kama uliondoka kwa maneno makali. Na wako akija kubisha hodi, kwanza muulize kama amekula. Lawama haziozi, zitangoja.

Mungu asikukoseshe pa kwenda, mwanangu, na wa kwako wasikose pa kuja.