Kona ya Kushoto

Kabla ya kuanza jambo lolote, Mjomba aliinamisha kichwa mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyegutuliwa usingizini. Alifanya hivyo kabla ya kunyanyua simu, kabla ya kukata mkate, kabla ya kusema neno zito. Wageni walidhani anakubaliana nao. Sisi wa nyumbani tulijua anashusha ile kofia ambayo wachomeleaji wa vyuma huivaa kukinga macho. Ufundi huo aliuacha siku pipa lilipomlipukia karakanani, na macho yake yaliishia siku hiyo hiyo. Kichwa chake hakikupata habari.

Mwaka mzima baada ya ajali alilala akiutazama ukuta asiouona. Mkewe, mkaza-mjomba wangu, ndiye aliyemtoa kitandani, akampeleka kusomea kazi ya kupokea simu, na akamshika mkono kila asubuhi mpaka ofisi ya maji. Jioni alimfuata. Mjomba alisema kazi yake ni rahisi: watu wanapiga kulalamika kwamba maji hayatoki, naye anawapa maneno ya kutosha kuoga.

Kisha mkaza-mjomba akafariki, ghafla, akiwa anaanua nguo. Arobaini haijapita, binti yao alikuwa ameshapanga vitu vya baba yake kwenye masanduku. Huyo binti ni nesi, na sisi sote tunamwita Nesi hata nyumbani, kwa kuwa haombi, anaagiza. Alitaka Mjomba aache kazi, ahamie kwake, akae kwenye chumba cha wageni ale na kulala. Mjomba akasema hajafa yeye. Walibishana siku kadhaa mpaka Nesi akatoa sharti: kabla likizo yake haijaisha, baba yake aende kazini na kurudi pasipo mkono wa mtu. Akishindwa, masanduku yanapanda gari.

Mimi, mtoto wa dada yake, nilikuwa nimebaki pale baada ya msiba. Nikapewa kazi ya kumsaidia kuchagua kifaa cha kuelekeza njia. Cha kwanza kilikuwa kisanduku alichoazimwa na chama cha wasioona, kizito kama kipande cha sabuni ya kufulia, chenye vitufe vya kupapasa na kamba ya kuning'iniza shingoni. Cha pili kilikuwa programu kwenye simu yake mwenyewe, inayosema kwa sauti ya mwanamke.

Tulivijaribu kwenye njia ya mlangoni tu kwanza. Simu ilikuwa nyepesi kuelewa. Unaiambia unakokwenda, inakupeleka, inakutajia na maduka unayoyapita. Ila ilitaka mtandao, na ilitaka avae visikilizio, naye bila masikio yake angegongwa na baiskeli ya kwanza. Kisanduku kilikuwa kizembe. Kilisimama muda mrefu kikitafuta setilaiti, huku Mjomba akikiuliza kama kimeshakunywa chai. Halafu kilitoa mwelekeo kwa mishale ya saa. Kiliposema saa tisa kilimaanisha ile tisa iliyoandikwa kwenye saa ya ukutani, yaani kushoto. Saa tisa ya Mjomba, kama ya kwetu sote, mshale unakaa kwenye tatu, yaani kulia. Akageuka kwa madaha akaukumbatia ukuta wa jirani.

"Hiki kimezaliwa kwa watu wanaoamka saa moja ya usiku," alisema, akijipangusa chokaa. Nikakibadilisha kiseme kulia na kushoto.

Lakini kisanduku kilikuwa na jambo moja ambalo simu haikuwa nalo. Ukitembea nacho njia yako mara moja, kinaishika, na kesho kinakurudisha humo humo, hata kama kuna njia fupi zaidi. Simu ilijua njia fupi tu.

Tulipotoka kwa safari ya kweli, Nesi akitufuata kwa mbali, tukafika kwenye kona ya duka la vioo. Hapo ndipo mkaza-mjomba alipomkatisha kulia kila siku, wakatokea barabara kuu, wakazunguka kituo cha mafuta, wakarudi tena chini mpaka ofisi ya maji. Simu ikamwambia apinde kushoto. Mjomba akacheka, akasema huyu dada ni mgeni, kushoto kuna mtaro mkubwa usio na kifuniko. Tukarudi nyumbani tukachukua kisanduku. Kwenye kona ile ile nacho, kwa kuwa hakijatembezwa njia yake ya zamani, kikasema kushoto.

Hakucheka tena. Alivikataa vyote viwili pale pale. Akasema manispaa ilichimba mtaro ule mwaka ule ule wa ajali, ikabomoa karakana yao kuupitisha, na mwenzake wa karakana, aliyeitwa Cheche, akahama mji. Mkewe alimwonya asithubutu hata kunyoosha fimbo upande ule.

Nesi alikuwa ametufikia. "Sasa, baba, mashine mbili zote zinakupeleka mtaroni," alisema, "na bado unataka nikuache hapa?"

Mjomba aligeuza fimbo, akarudi nyumbani. Aliingia ndani, akakaa kitandani na viatu vyake. Nilimwona anavyopapasa lile sanduku lililofungwa, nikajua anahesabu kuwa ameshashindwa.

Mimi nilirudi peke yangu kwenye ile kona. Ilikuwa Jumapili mchana na mtaa umetulia. Nikapinda kushoto nikienda polepole, macho chini, natafuta mtaro. Sikuuona. Nilikwenda mpaka mwisho wa kichochoro, ambako kulikuwa na geti la nyuma la ofisi ya maji, nikarudi. Lami ilikuwa kuukuu, imepasuka na kuota nyasi kwenye nyufa, wala hapakuwa na alama ya kitu kilichofukiwa. Katikati ya njia palikuwa na mlango mpana wa bati, umefungwa kwa kufuli, na madirisha mapya ya chuma yameegemezwa ukutani.

Nilipomwambia Mjomba, aligeuka kunielekea. Akasema nimekosea njia. Nikamwambia sikukosea, nikamweleza mlango. Akauliza kama juu ya mlango kuna kipande cha reli kimechomelewa badala ya boriti. Nikasema kipo. Akainamisha kichwa mara moja, kwa nguvu.

"Kesho nipeleke," alisema.

Kesho yake hatukuhitaji kifaa. Tulipopinda kushoto tu, sauti ya chuma ikatupokea: ule mkwaruzo mkali, halafu mngurumo, halafu kimya kifupi. Harufu ya chuma kilichoungua ilijaa kichochoro. Mkono wa Mjomba uliganda kwenye kiwiko changu. Ndipo nilipoelewa ile barabara kuu. Mkaza-mjomba hakuichagua kwa uzuri wake. Aliichagua kwa kelele za magari, zisikike hizo na si hizi.

Mashine ikazimwa. Mwanamume mwenye mvi, ameshika kofia ya kuchomelea mkononi, alitoka mlangoni akatuona. Akataka kurudi ndani, akasita.

"Nani huyo?" Mjomba aliuliza.

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi Cheche, ndugu yangu."

"Cheche alihama."

"Sijahama hata siku moja."

Nesi, aliyekuwa nyuma yetu, aliziba mdomo kwa kitambaa. Naye alikuwa amekua akiambiwa habari ya mtaro. Cheche alieleza akitazama chini. Mkaza-mjomba alimjia yeye, Mjomba akiwa bado kitandani, akamwomba asimwite mumewe kamwe wala asimpe salamu njiani, maana mume wake akisikia tu mashine ya jirani anatetemeka mpaka meno yanagongana. Alisema atampitisha mbali mpaka apone, kisha atamleta mwenyewe. Cheche akakubali. Miaka ikapita, naye akawa anawaona tu wawili hao wanavyokatisha pale kona, wameshikana mikono, wakienda upande wa pili.

Nilimtazama Mjomba nikidhani ataanguka. Alinyoosha mkono hewani mpaka Cheche akampa ile kofia, akaipapasa ndani na nje, akamrudishia.

"Mwanamke yule," alisema mwishowe, "kanipiga chenga maisha yangu yote."

Nilisubiri hasira. Hazikuja siku hiyo. Siku zilizofuata alikuwa mkali kwa kila mtu, akawa hataki jina la mkewe litajwe mezani, na mara mbili nilimkuta anaongea peke yake na kiti cha marehemu. Kisha asubuhi moja aliniomba nimwashie kisanduku. Akaniongoza yeye mwenyewe: kulia penye kona, barabara kuu, kituo cha mafuta, mpaka ofisini, kisanduku kikiishika njia nzima ya mkaza-mjomba. Kurudi, tukapita kichochoroni, kikaishika na hiyo. Simu akaiacha iwe simu.

Nesi aliuliza kwa nini azunguke, na njia fupi ameshaijua.

"Asubuhi nakwenda na mama yako," Mjomba alimjibu. "Jioni narudi kwa Cheche."

Siku ya mtihani alikwenda akarudi, fimbo mkononi na kisanduku kifuani. Nesi alimfuata kwa mbali hadi mwisho, kisha akafungua masanduku mwenyewe na kurudisha mashati kabatini, akinuna.

Mjomba aliishi hivyo mpaka moyo wake uliposimama kazini, kwenye kiti chake, mteja akiwa hewani. Habari ilinipiga kama ukuta, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo alikuwa amenipigia akiwa njiani. Tulicheka juu ya jambo dogo, nikasikia kisanduku kinasema kulia. Nikataka kumweleza kingine, akanikatisha.

"Niache sasa, mpwa wangu. Nimefika kwenye kona, na mkaza-mjomba wako hapendi niongee na simu barabarani."