Shaba Chini ya Boti ya Kapteni

"Niliomba sufuria ioshwe, wifi. Sikuomba ijazwe."

"Kulikuwa na rangi imebaki kwenye kopo la ile boti ya mbao. Ulitaka niimwage chini, udongo upendeze?"

"Rangi ya boti ya mbao?"

"Rangi ni rangi. Mbona unanitolea macho kama chura aliyekanyagwa?"

Mama Brashi alizidi kumtolea wifi yake macho. Alikuwa amechutama chini ya boti ya Kapteni, ameshika mwiko wa kukorogea, na kwenye ncha ya mwiko limening'inia tope jekundu, zito, lenye vimeta kama sarafu mpya. Unga wa shaba.

Karakana ile ina mazoea yake. Kopo la rangi likikaribia kwisha, mabaki humiminwa kwenye sufuria moja kubwa nyeusi, yakachanganywa na tina ya kulainishia rangi, yakawa rangi ya kupaka kwanza, ile ambayo macho ya mwenye boti hayataiona. Sufuria hiyo Mama Brashi aliikuta alipoolewa, na mama mkwe wake aliikuta vilevile. Wapo wanaoapa kwamba ndani yake bado mna rangi ya safina ya Nuhu. Haikuwahi kumdhuru mtu, maana boti zote zilizopita pale zilikuwa za mbao, na mbao haigombani na shaba. Tena shaba ndiyo dawa yake: konokono wa majini wakiionja wanahama na watoto wao.

Ila boti ya Kapteni ni ya alumini, ya kwanza kuingia karakana ile. Rangi yake aliileta mwenyewe kutoka mbali, isiyo na shaba hata chembe, akamwonya Mama Brashi mbele ya watu: shaba na alumini kwenye maji ya chumvi ni wake wenza chumba kimoja, lazima mmoja amle mwenzake, na anayeliwa ni alumini.

Mama Brashi alisikia, akaitikia. Kisha jana, alipokwisha kukwangua sehemu ya nyuma mpaka alumini ikabaki uchi, mkono ukaenda wenyewe kwenye sufuria, asiulize wekundu ule umetoka wapi. Mkono wa mazoea hauombi ruhusa. Akapaka mkanda mrefu, ukakauka, akaufunika kwa rangi nzuri ya Kapteni mara mbili. Leo tumbo la boti lilikuwa la kijivu, laini, unaweza kujitazama ukachana nywele.

"Aliyemwaga ni mimi," wifi alisema, akipunguza sauti. "Aliyechovya ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi tusigombanie. Kimefunikwa, kimefunikwa. Nani ataona?"

"Maji yataona."

Mama Brashi alikuwa ameshaiona boti iliyoliwa na shaba, kwenye karakana nyingine, enzi za uanafunzi wake. Walipoipandisha juu ilitoa maji kila mahali kama mfiwa anavyotoa machozi. Chini ilikuwa chujio la chai. Fundi aliyemfundisha alisema ndani mlikuwa na samaki waliooana, wakazaa, na walipotolewa walidai kodi ya mwezi. Watu wote siku ile walicheka. Baadaye ndipo akaambiwa kwamba abiria walikuwa wakichota maji kwa viatu vyao, na mzee mmoja hakuwa amevaa viatu. Hakuna aliyemwambia yule mzee aliishia wapi, naye aliogopa kuuliza.

Na boti ya Kapteni haivushi samaki. Huvusha wagonjwa kwenda zahanati ya ng'ambo. Mama mkwe wake, mama mzazi wa wifi, huipanda kila wiki kwenda kupimwa presha, akikaa nyuma kabisa kwa sababu anasema mbele kuna upepo wa kuchukua watu roho. Nyuma kabisa, juu ya ule mkanda.

"Mama yako anakaa wapi kwenye boti?" Mama Brashi aliuliza.

"Usimtie mama humu."

"Anakaa wapi?"

Wifi alijaribu kucheka. "Yule hazami. Ulimi wake peke yake ni boya." Lakini cheko halikufika machoni, na vidole vyake vilianza kuchuna rangi iliyokauka kwenye kucha.

Nje zilisikika sauti za watu wakiitana. Kapteni alikuwa amekwenda kukusanya vijana wa kusukuma. Alisema maji yakijaa mchana huu boti inashuka, hata kama jua litaanguka. Kapteni ni mtu mwema mpaka umdanganye. Mchomeleaji wake wa zamani alificha ufa mmoja kwa gundi, na leo hakuna mtu anayempa hata mpini wa sufuria auchomelee. Mama Brashi alijiona naye hivyo, akipita barabarani na brashi zake, watu wakigeuka kutazama ukuta.

Akauweka mwiko chini, mbali na boti.

"Tumwambie wiki ijayo," wifi alisema. "Akienda safari moja tu, mbili, halafu tunasema tumeona dalili. Hakuna atakayejua."

"Na safari hizo mbili nani atakuwa ndani?"

Wifi aliinamia kucha zake.

Mama Brashi aliokota kikwanguo. Kilikuwa chepesi siku zote, leo kilikuwa na uzito wa nanga. Akalala chali chini ya boti, akakiweka kwenye ule ukijivu unaong'aa alioupaka kwa upendo, akasukuma. Ganda la kwanza likatoka refu, likamwangukia kifuani, na chini yake wekundu ukachungulia kama kidonda.

"Wifi, utatuua," mwenzake alinong'ona, akamshika kifundo cha mguu. "Hatutapata kazi tena. Mimi nina watoto."

"Na mimi ninao. Nishikie taa."

"Utamwambia ni mimi niliyemwaga?"

"Nitamwambia ni sisi."

Wifi akauachia mguu, akatambaa chini, akavuta taa karibu. Mwanga ulicheza, na kivuli cha kikwanguo kilikuwa kikubwa kuliko boti yenyewe. Wakakwangua, mmoja kwa chuma, mwingine kwa msasa, na kila mara sauti za nje ziliposogea wote wawili walishusha mikono kama wezi wa kuku.

"Shika huku, kuna nyingine pembeni."

"Nimeona. Wifi?"

"Nini?"

"Akiuliza kwa nini tulitumia sufuria wakati alishatuonya, tutasema—"

Mlango wa bati ukaburuzwa. Kapteni akaingia, kamba begani, vijana wake nyuma yake, bado anacheka mzaha wa huko njiani. Kicheko kikamkatikia mdomoni. Alikuwa anatazama maganda ya rangi yaliyolala chini ya boti yake. Mama Brashi akajitoa chini ya boti, kikwanguo mkononi, akasema, "Ni shaba, Kapteni, na ni sisi tulioipaka."