Bwana Aliyesimama Mbele ya Diff

Ukipigwa tu ule muziki wa kufungulia habari za hali ya hewa, nasikia uzito wa Habiba mgongoni. Mdogo wangu alifia hapo, mchana, njiani kwenda Diff, upande wa Wajir, nikidhani amelala. Nilitembea naye hadi alasiri nikimsimulia habari za barafu.

Barafu niliijua kwenye televisheni ya Dakane. Wacha niwaeleze vizuri, maana wengine watawaambia ni ukame tu uliomuua.

Dakane alikuwa na hoteli ya chai karibu na soko la mifugo, Garissa, na televisheni iliyokula betri ya lori. Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi. Shule niliiona kwa nje tu. Baba akija kuuza mbuzi, mimi huyo, nimekaa kwenye mchanga ulionyunyiziwa maji, harufu ya iliki imenizunguka, natazama dubu weupe, natazama samaki mkubwa kuliko lori. Kizungu hatukujua. Dakane ndiye alikuwa akitutafsiria.

"Adeer Dakane, huyo aliyempiga simba picha, mbona hakuliwa?"

"Mtoto huyu anauliza kama polisi wa mpakani Liboi," akasema, na watu wakacheka. "Simba alikuwa ameshiba. Kunywa chai."

Hakuna swali lililomshinda. Nilimpenda kwa hilo.

Kisha ilikuja hali ya hewa. Mawingu yalionekana kutoka juu, upande ambao sisi hatukuwahi kuyaona, na bwana mwenye tai akasimama mbele ya ramani na kijiti chake. Mwaka huo malisho yalikuwa yamekwisha.

"Upande wetu anasemaje?" baba akauliza.

Dakane alikuwa akimimina chai, hata hakugeuka. "Mvua. Diff. Wiki hii."

Sisi hatuhami hivyo. Kwanza hutumwa sahan, mtu wa kutangulia na ngamia, aone majani kwa macho yake, ashike udongo, arudi aseme. Baba alizoea kusema jicho la sahan ndilo kisima cha kwanza. Alitaka kumtuma mjomba. Mimi nikamwambia, "Aabo, wa nini? Yule anaona kutoka juu." Akanitazama, akacheka, asubuhi tukahama wote.

Visima vya njiani vilikuwa vikavu. Walianguka mbuzi, wakaanguka punda, kisha Habiba. Tulipofika Diff hapakuwa hata na tope.

Nimejilaumu mimi miaka yote hii. Juzi nilikaa na binti yangu, yeye amesoma, tukitazama hali ya hewa. Nikamuuliza upande wetu anasemaje.

"Hajatutaja, hooyo. Tena amesimama mbele yetu."

Kweli, bega lake lilifunika Garissa, Wajir, Diff yote. Nikakumbuka yule wa zamani naye alisimama papo hapo, na jina la Diff sikumsikia akilitaja. Kizungu Dakane hakuwa nacho, na ramani hakuiona. Aliona aibu tu kusema sijui mbele ya wateja.

Baba alikufa akisema ni qadar ya Mungu. Qadar naikubali, lakini mdomo ulikuwa wa Dakane. Yuko hai, hoteli yake sasa ni ya ghorofa, na msikitini hukaa safu ya kwanza. Namtaka aketi mbele ya wazee, nami nikiwapo, ajibu hili moja: jina la Diff, siku ile, alilisikia kwa nani?