Vijiti vya Asubuhi ya Uzinduzi

Nichekeni, lakini bustani ya Makole niliichora mimi, pale palipokuwa uwanja wa vumbi na chupa tupu, na hadi leo nasema imependeza. Asubuhi ya uzinduzi nikakuta vijiti vikavu vimechomekwa kando ya nguzo za banda la kivuli. Nani huyu ananichafulia kazi? Nikaving'oa vyote, nikavivunjavunja, nikavisukumia mwenyewe motoni, chini ya sufuria ya pilau ya wageni.

Wageni walipokaa nikashika maiki. Nikajisifu kwamba kazi ya bustani inataka jicho, na kwamba uchafu wa mwisho nimeuondoa kwa mikono yangu hii. Wakanipigia makofi.

Akafuata Bibi Nyemo, mwenyekiti wa mtaa. Nikamwamkia shikamoo, nikampa maiki.

"Marahaba, mwanangu. Na sisi wakazi tuna zawadi yetu. Jana jioni tulipanda mizabibu ya Makutupora pale kwenye nguzo. Kwa macho ni vijiti vikavu tu, ila mvua ikinyesha itachipua na kufunika banda lote."

Akageuka kutuonyesha. Nguzo zilikuwa tupu. Kisha akanitazama, maiki ikiwa bado mdomoni.

"Mwanangu, ule uchafu uliutupa wapi?"